Boksi Lililokataa Kuharibika

Asubuhi ya ugeni, mama mkwe aliifagia karakana ya maboksi kama mtu anayefuta ushahidi. Na kusema kweli ushahidi ndio aliokuwa akiufuta, ila mkwe wake hakuwa na habari, maana saa hiyo alikuwa kwenye foleni ya kliniki, mtoto mapajani, akimbembeleza kabla hata sindano haijaonekana.

Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la vioo. Ndani mlikuwa na mashine ya kukunjia kadibodi iliyokohoa kutwa nzima, meza ndefu zilizochanjwachanjwa na visu, mabunda ya kadibodi yaliyokaribia dari, na ngazi ya chuma ya kupandia ofisini kwa mama mkwe. Chini ya ngazi palikuwa na jiko la gesi, masufuria yaliyokwisha kustaafu kupika chakula, na rafu ya mbao. Hapo ndipo mkwe alipopikia gundi yake. Wafanyakazi walipaita maabara, mwanzoni kwa kejeli, halafu jina likahama mahali likamkalia mtu. Sasa kila mmoja alimwita Maabara, hata mumewe alipopiga simu akiwa safarini na lori lake.

"Maabara wangu, Kibonge hajambo?"

"Kibonge hajambo. Maabara ndiye aliyechoka."

Kibonge ndiye mtoto, na jina lilimfaa kuanzia mashavuni hadi vifundoni. Alizaliwa mama yake akimalizia masomo ya jioni. Mwishoni tumbo lilikuwa kubwa kiasi kwamba alilifanya dawati, akaandikia juu yake. Kwenye darasa hilo la kemia ndiko alikojifunza kwamba wanga ukipikwa vizuri unashika karatasi. Wenzake waliandika, wakafaulu, wakasahau. Yeye alikwenda kwenye kiwanda cha krispi mtaa wa pili, akaomba yale maji meupe ya kuoshea viazi waliyokuwa wakiyamwaga, akayaacha yatuame, akakausha wanga uliobaki chini, akaupika na magadi kidogo.

Hakuwa akitafuta sifa. Gundi ya kopo waliyonunua dukani ilikuwa na harufu ya kuchoma macho, na Kibonge alilala humohumo karakanani, ndani ya boksi kubwa la televisheni lililotandikwa blanketi. Kila kopo lilipofunguliwa, mtoto alipiga chafya mpaka mashavu yakatikisika. Mama gani angeliona hilo akanyamaza?

Gundi ya wanga haikumpigisha mtu chafya. Ilinuka kama uji uliosahaulika, basi. Siku za jua ilishika kama kupe. Tatizo lilikuwa maji. Unyevu ukiingia, baadhi ya maboksi yaliachia na mengine yakashika, hata kama gundi ilitoka sufuria moja. Mteja mmoja wa viatu alitoka na boksi lake kwenye manyunyu. Alipofika kona, kiatu kimoja kilikuwa kimeshaamua kubaki barabarani. Akarudi na hasira mkononi. Mama mkwe akampokea kwa kiti na maji ya kunywa.

"Hilo boksi ni la kisasa, baba," alimwambia. "Linapumua."

Ndivyo alivyokuwa mama mkwe. Tangu aanze kuuza maboksi hakuwahi kukiri kosa mbele ya mteja. Boksi likipinda, lilipindwa makusudi ili likae vizuri kwapani. Likichelewa, lilikuwa bado linaiva. Wateja walijua anawapiga chenga, lakini walirudi, kwa sababu alizipiga vizuri na chai ilikuwa ya bure.

Walipobaki wawili, lugha ilibadilika. "Mwanangu, wewe nakupenda, na mjukuu wangu nampenda kuliko wewe," alimwambia Maabara. "Ila siwezi kuuza maboksi yanayotapika viatu. Kama hiyo serikali yako itakupa hela za kutafuta dawa yake, tafuta. Isipokupa, tunarudi kwenye kopo, na jiko langu nalirudisha nyumbani."

Hiyo "serikali yako" ilikuwa Mfuko wa Ubunifu na Utafiti, na aliyemtajia Maabara habari zake ni mwalimu wake wa jioni. Serikali ilikuwa imeutenga kwa ajili ya kampuni, hata zile ndogo, zenye jambo la kuchunguza lakini hazina ubavu. Hela zake hazikuwa mkopo. Ila kampuni nayo ilitakiwa itie mkono wake, yaani nafasi, vyombo na muda wa wafanyakazi, na itafute watafiti wa kushirikiana nao. Maabara akambeba Kibonge mgongoni akapanda ngazi za chuo, akabisha mlango baada ya mlango, mpaka akapata idara iliyokubali kumpokea na maboksi yake endapo Mfuko utalipia vipimo. Akaandika maombi bila kupaka rangi: gundi inaachia kwenye unyevu, maboksi mawili ya sufuria moja hayafanani, na hatujui kwa nini.

Alipomsomea mama mkwe sehemu hiyo, mama mkwe alishika kifua.

"Futa hapo."

"Mama, hilo ndilo tatizo lenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia futa. Umeona wapi mtu anakwenda kuposa anaanza kwa kutaja magonjwa yake?"

Hakufuta. Maombi yakapita mchujo wa kwanza, na sasa mkaguzi wa Mfuko alikuwa njiani kuja kujionea kabla jopo halijakaa kuamua.

Maabara alirudi kutoka kliniki mbiombio, Kibonge akiwa bado na machozi ya sindano. Akasimama mlangoni. Sakafu iling'aa. Wafanyakazi walikuwa wamechomekea mashati kama wanasubiri picha ya harusi. Na ile rafu chini ya ngazi, ambapo alikuwa amepanga maboksi yote yaliyoachia ili mkaguzi ayaone, ilikuwa tupu, na juu yake chombo cha maua ya plastiki tu.

"Mama, maboksi yangu yako wapi?"

"Yale mabovu? Nimempa mama wa chai hapo nje awashie jiko." Mama mkwe alimpangusa Kibonge pua kwa ncha ya kitambaa chake. "Usininunie. Mgeni haoneshwi shimo la taka. Nenda kajipake poda, umetoka jasho."

Maabara hakupata nafasi ya kujibu, maana mkaguzi alikuwa keshapiga hodi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viatu bapa na mkoba wa begani, na uso wa mnunuzi mzoefu, ule usiokuonesha kama amependa bidhaa au la. Maabara akamlaza mtoto ndani ya boksi lake la televisheni, akaja kusalimia.

"Karibu, dada, karibu," mama mkwe alisema, na kabla mgeni hajakaa akaashiria meza ya katikati. Juu yake palikuwa na maboksi mapya yaliyopangwa kwa ukubwa. "Hii ndiyo kazi ya mkwe wangu. Gundi ya viazi. Fundi Kisu, panda."

Fundi Kisu ndiye aliyekuwa mkata kadibodi, mtu mwembamba asiyependa kutazamwa. Akaliweka boksi moja sakafuni, akavua viatu, akapanda juu. Boksi likatulia kimya. Mama mkwe akachukua jagi, akalimwagia maji kama anaogesha mtoto.

"Rukaruka kidogo."

Fundi Kisu akarukaruka kidogo, uso ukiwa umeelekea ukutani. Boksi halikuachia hata kona.

Maabara alisogea karibu. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye kingo, na kingo zimefumbana kabisa. Ni ule mpiko wa juzi, aliwaza, ule niliouacha upoe polepole. Kumbe dawa ilikuwa ni kupoza. Akataka kucheka, akataka kulia, akataka kumpigia simu mwalimu wake palepale.

Mkaguzi aliinama, akapitisha kidole kwenye maungio, akanyanyuka.

"Hongereni sana," alisema. "Kwenye maombi mmeandika gundi inaachia ikipata unyevu. Naona mmeshavuka hapo."

"Tumevuka zamani," mama mkwe alisema, kifua mbele. "Yalikuwa maneno ya mkwe wangu tu, ana unyenyekevu uliopitiliza."

"Basi mimi sina la kufanya hapa." Mkaguzi akafunga kalamu yake. "Mfuko huu unalipia utafiti, mama. Jambo ambalo halijajulikana. Gundi iliyokwisha kufanya kazi haihitaji kutafitiwa, inahitaji kuuzwa, na hela za kuuzia mnazipata benki. Nawatakia biashara njema."

Mashine ilikuwa imezimwa kwa heshima ya mgeni, kwa hiyo hapakuwa na kikohozi cha kumsaidia mtu. Maabara akamwona mama mkwe akikata kona kwa kasi ambayo mumewe na lori lake wasingethubutu.

"Dada yangu, subiri. Nani kasema inafanya kazi? Hii gundi ni mbovu."

"Mbovu?"

"Mbovu sana. Inatutia aibu. Hatulali. Inaachia, inamwaga viatu barabarani. Fundi Kisu, ruka vizuri, unaruka kama una mayai mfukoni."

Fundi Kisu akaruka vizuri. Boksi likavumilia. Mama mkwe akalimwagia maji yaliyobaki kwenye jagi, kisha akaagiza birika, akalimwagia maji ya moto. Kisha akamshusha Fundi Kisu, akakunja nguo, akalikalia mwenyewe. Naye hakuwa mtu wa kubebwa hivihivi na kadibodi yoyote. Boksi likabonyea katikati, likaguna, lakini kwenye maungio likakataa katakata.

"Leo limeona wageni," mama mkwe alisema akiwa amekaa palepale, akihema. "Siku nyingine hata ukilitazama tu linaachia."

Mfanyakazi mmoja nyuma aliguna, akajifanya anakohoa.

Hapo ndipo Kibonge alipopiga chafya. Akapiga nyingine. Halafu zikafululiza, moja ikisukuma nyingine, hadi boksi la televisheni likawa linatingishika. Maabara akakimbia kumnyanyua, na aliponyanyuka na mtoto kifuani, pua yake ikapata ile harufu, harufu inayochoma macho, ikipanda pamoja na mvuke wa maji ya moto. Hapakuwa na uji uliosahaulika popote. Akamtazama Fundi Kisu. Fundi Kisu akatazama vidole vyake vya miguu.

Furaha ya Maabara ikaporomoka ndani kwa ndani. Hapakuwa na mpiko wa juzi wala dawa ya kupoza. Ilikuwa gundi ya kopo. Akinyamaza, mkaguzi ataondoka akiamini kazi imekwisha, na kesho jiko linarudi nyumbani. Akisema, atamvua nguo mama wa mumewe mbele ya wafanyakazi wake na mbele ya serikali. Kibonge akapiga chafya nyingine, akamlowesha shingo.

"Mama," alisema taratibu, "samahani. Nisamehe mbele ya mgeni. Hii si gundi yangu."

Mama mkwe hakunyanyuka juu ya boksi. Alipangusa goti lake ambalo halikuwa na vumbi. Maabara alijua anatafuta. Alikuwa akipekua ghala lake lote la maneno, kutafuta boksi linalopumua na boksi linaloiva, na safari hii ghala lilikuwa tupu.

"Ni mimi," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo karakana haikuwahi kuisikia. "Nilimwambia Fundi atumie kopo. Mkwe wangu alikuwa kliniki, hajui lolote. Nili... Nimekosea."

Neno lilitoka likiwa na kutu.

Mkaguzi alisimama na mkoba wake begani. "Kwa jambo hili ningeweza kufunga jalada lenu sasa hivi."

"Lifunge, basi, ila uandike jina langu," mama mkwe alisema. "Usiandike lake. Yeye nilimwambia afute ukweli akakataa."

Mkaguzi akamgeukia Maabara, akauweka mkoba juu ya meza. "Maombi yako nimeyasoma mara nyingi kuliko ulivyodhani," alisema. "Nilikuja kwa sababu ya sentensi moja, ile ya kwamba maboksi mawili ya sufuria moja hayafanani. Nilipoona hapa boksi limeshika, nikajiuliza ipi kati ya hizo hadithi ni ya kweli. Pika. Nitaandika nitakachokiona. Nacho hiki nilichokwisha kukiona nitakiandika."

Maabara akamkabidhi Kibonge kwa bibi yake, akaondoa maua ya plastiki, akawasha jiko. Alipika, wanga ukigeuka kutoka maziwa kuwa kioo, ule mnuko wa uji ukarudi, na mtoto akaacha kupiga chafya. Fundi Kisu alikata na kukunja bila kuambiwa, kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Wakayapanga maboksi karibu na dirisha yakauke. Mkaguzi akanywa chai. Mama mkwe akazunguka meza na mjukuu mgongoni, akiyatazama maboksi kwa jicho baya.

"Yakishika yote je?" alinong'ona.

"Yatakuwa yameshika, mama."

"Usiseme hivyo, utayatia moyo."

Yalipokauka, Maabara akayaning'iniza juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Mvuke ukapanda. La kwanza likashika. La pili likashika. Mama mkwe akaanza kusali kimyakimya. Halafu la tatu likatoa mlio mdogo kama mtu anayefumbua midomo asubuhi, kona moja ikaachia, nyingine ikafuata, na boksi zima likakunjuka likawa kadibodi bapa mbele ya macho yao.

"Umeliona?" mama mkwe alisema, akimshika mkaguzi mkono. "Umeliona lilivyo bovu?"

"Nimeliona."

"Na wala hatukuligusa."

Mkaguzi alisogea karibu na mvuke, miwani yake ikafunga ukungu. "Haya matatu ni sufuria moja, kadibodi moja, mkono mmoja," alisema. "Kwa nini hili limeachia na hayo hayajaachia?"

Maabara alikuwa na dhana zake, za kupoza, za magadi, za maji ya viazi yanayobadilika kila siku. Angeweza kuzipamba, akaonekana msomi. Akafuta mikono kwenye kanga ya mtoto.

"Sijui," alisema. "Nimejaribu kila ninachoweza kujaribu kwa sufuria na mwiko. Sasa nahitaji watu wenye vipimo."

"Hajui," mama mkwe alidakia, kwa fahari ileile aliyouzia maboksi yote maishani mwake. "Ametafuta usiku na mchana na hajui. Hata huko chuo hawajui. Ulizia mji mzima, dada, hutapata anayejua."

Kwa mara ya kwanza uso wa mkaguzi ukaonesha bei. Alicheka, akaugeuzia dirishani, akaandika.

Jibu la jopo lilipokuja, Maabara alikuwa akimnyonyesha Kibonge juu ya bunda la kadibodi. Alilisoma kimya, akalisoma tena, halafu akampa mama mkwe, ambaye alilisogeza mbali na macho kama anayelikagua kasoro. Mfuko ulikubali kulipia hatua ya kwanza ya vipimo. Hatua ya pili itategemea ya kwanza. Na kwa sababu ya kilichotokea siku ya ukaguzi, kila taarifa ya kampuni itaje yote yaliyoshindikana, nayo isainiwe na mwenye kampuni mwenyewe.

"Yaani serikali inataka nisaini kwamba nimeshindwa?"

"Kila robo mwaka, mama."

Mama mkwe akakaa kando yake kwenye bunda. Akakishika kiganja cha Kibonge, akakichezesha.

"Jiko libaki," alisema.

Siku ya kwanza ya vipimo hakukubali kubaki nyuma. Alivaa nguo yake ya sherehe, akambeba mjukuu, akapanda ngazi za chuo akipumzika kila zinapokata kona, huku Maabara na Fundi Kisu wakimfuata na mizigo ya maboksi. Ndani ya chumba cha vipimo kila kitu kilikuwa cheupe na kilinuka sabuni. Mtaalamu aliyewapokea, kijana mwenye koti refu, alisafisha meza akauliza waanze na boksi lipi.

Maabara alifungua mdomo, lakini mama mkwe alikuwa ameshamtangulia. Alilichambua rundo kwa mkono mmoja kama mtu achaguaye kitambaa sokoni, akachomoa moja lililokuwa limeachia pande zote, akalipangusa kwa upendo, akaliweka mbele ya mtaalamu.

"Anza na hili, mwanangu," alisema. "Hili ndilo bovu kuliko yote. Tembea utakapotembea, bovu kama hili hulipati."